Kuchangia damu Nyanda za Juu Kusini: huduma ilivyo kuanzia mizani hadi kadi

Anayetaka kuchangia damu Mbeya, Iringa au Njombe ana milango mitatu. Upo wa kituo cha kanda cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama, jijini Mbeya. Zipo timu zinazotembea, ambazo watu huziita tu "damu salama", zinazoweka kambi ya viti na vitanda shuleni, vyuoni, kanisani, msikitini au pembeni ya soko. Na upo mlango wa maabara ya hospitali, ambao wengi huuingia kwa sababu ndugu amelazwa na muuguzi amesema damu inahitajika. Sindano ni ileile na mfuko ni uleule. Namna mtu anavyohudumiwa ndiyo inayotofautiana, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atachangia mara moja maishani au atakuwa mchangiaji wa miaka ishirini.

Kwa hiyo hapa hatupimi ukarimu wa watu. Watu wa huku wanatoa, daftari la michango ya msiba katika mtaa wowote wa Uyole au Mlandege linatosha kuwa ushahidi. Tunachopima ni huduma: inampokeaje mtu aliyekwisha amua kutoa, inakwama wapi na kwa nini, na inampa sababu gani ya kurudi.

Tuanze na hesabu. Kadirio linalotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni chupa 10 za damu, yaani mifuko 10, kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Mbeya una watu zaidi ya milioni 2.3. Hizo ni chupa 23,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya 60 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Na damu nzima ikihifadhiwa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6 hudumu siku 35 tu, kwa hiyo hakuna tamasha moja kubwa, hata likijaza uwanja, linaloweza kutosheleza mwaka. Anayeihitaji hasubiri tamasha. Ni mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua pale hospitali ya wazazi ya Meta, mtoto mwenye malaria kali kutoka Kyela au bonde la Usangu aliyeishiwa damu ndani ya siku mbili, mgonjwa wa selimundu, majeruhi wa barabara ya TANZAM aliyetolewa Kitonga, Mlima Nyoka au Iwambi.

Mpango wa Taifa ulianza mwaka 2004. Kabla ya hapo kila hospitali ilijitegemea, na chanzo kikuu kilikuwa ndugu wa mgonjwa. Mazoea hayo bado yako vichwani mwa watu, ndiyo maana wengi hudhani kuchangia damu ni jambo la siku ndugu anapougua.

Mapokezi: swali la kwanza

Ubora wa kambi yoyote unaonekana kwenye dakika tatu za mwanzo, na hasa kwenye swali la chakula. Mhudumu akiuliza "Umekula?", kila mtu atajibu ndiyo, hata aliyekunywa chai kavu saa kumi na mbili asubuhi na sasa ni saa saba mchana. Mhudumu mzuri huuliza hivi: "Kaka, leo umekula nini, na ilikuwa saa ngapi?" Hapo ukweli hutoka wenyewe. Aliyekaa na njaa zaidi ya saa nne apewe kitu cha kula na kikombe cha maji kabla ya kusogezwa kwenye mizani. Hiyo si hisani ya ziada. Kuzimia ndicho kinachowafukuza wachangiaji wa mara ya kwanza kuliko maumivu ya sindano, na njaa pamoja na ukosefu wa maji ndivyo visababishi vinavyozuilika kwa urahisi zaidi.

Kisha inakuja fomu ya maswali: magonjwa, dawa, upasuaji, ujauzito, kunyonyesha, chale za karibuni kwa mganga, na mahusiano ya kimapenzi. Sehemu hii ndiyo nzito kuliko zote katika kanda hii, na ndiyo inayofanywa kwa haraka kuliko zote. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yako asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Kila mfuko hupimwa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Hata hivyo kila kipimo kina kipindi chake cha upofu: mtu aliyeambukizwa wiki iliyopita anaweza kuonekana hana, na damu yake ikaambukiza. Kwa siku hizo za upofu hakuna mashine inayomlinda mgonjwa. Anayemlinda ni mchangiaji aliyejibu swali kwa kweli.

Sasa mweke kijana wa kidato cha sita kwenye dawati la darasa, mwenzake akiwa nyuma yake kwa umbali wa hatua moja, umuulize kama amebadilisha mpenzi miezi ya karibuni. Atajibu hapana. Mweke mzee wa kanisa mbele ya mchungaji, umuulize vilevile. Kambi inayostahili sifa hutenga meza hii mbali, mita tatu au nne kutoka kwenye foleni, mchangiaji akiwapa mgongo wenzake, na ikiwezekana muziki ukisikika upande wa foleni. Vilevile humwambia wazi kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu, hata baada ya damu kuchukuliwa, kwa kumnong'oneza mhudumu kwamba ya kwake isitumike. Ukiona maswali yanasomwa kwa sauti na majibu yanatikiwa kabla hujafungua mdomo, hapo huduma ni mbovu hata kama hema ni jipya.

Kuna wanaokuja kuchangia ili wajue hali zao. Sababu hii ni ya kawaida na inaeleweka, lakini ni sababu mbaya kuliko zote za kutoa damu, kwa kuwa anayekuja hivyo mara nyingi ni yule mwenye wasiwasi wa jambo la juzi. Vituo vya kupima VVU vipo kila wilaya na ni bure. Mhudumu mwenye busara husema hivyo mapema, kwa upole, kabla ya fomu.

Mizani, presha, na tone la damu

Vigezo vya msingi vinajulikana: umri miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, presha ya kawaida, wingi wa damu (himoglobini) usiopungua gramu 12.5 kwa desilita. Mwanaume huchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne.

Wingi wa damu hupimwa kwa kimashine kidogo kinachosoma tone la kidole, au kwa njia ya zamani ya maji ya bluu, ambayo ni mchanganyiko wa salfeti ya shaba. Ukibahatika kuikuta hii ya pili, itazame. Tone linadondoshwa kutoka juu kidogo ya maji. Linaingia, linasita, na likizama ndani ya sekunde 15 umepita. Likielea au likipanda tena juu, damu ni nyepesi. Njia hii ni nafuu na ni sahihi ikitunzwa, ila ina mitego yake. Tone lenye kiputo cha hewa huelea hata kama damu ni nzito. Chupa iliyoachwa wazi juani hupoteza maji, kimiminika kinazidi uzito, na watu wazima wenye afya wanaanza kukataliwa mmoja baada ya mwingine. Na maji yaleyale hayafai baada ya matone 25 hivi kwa kila mililita 30. Kambi ikianza kukataa watu wengi mfululizo baada ya saa sita mchana, cha kwanza kushukiwa kiwe hiyo chupa.

Huku milimani lipo jambo jingine ambalo watu wa pwani hawalihitaji. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000. Hewa ikiwa nyepesi mwili hutengeneza chembe nyekundu zaidi, kwa hiyo namba ya mkazi wa Njombe iko juu kwa karibu nusu gramu au zaidi kuliko ingekuwa kama angeishi Dar es Salaam. Mwanamke wa Njombe anayesoma 12.6 amepita, lakini akiba yake ya madini ya chuma inaweza kuwa ndogo kuliko namba inavyoonyesha. Huyo aambiwe kula vizuri na kurudi baada ya miezi sita badala ya minne. Ushauri huu hausikiki sana, na unafaa usikike.

Wanaokataliwa

Hapa ndipo huduma nyingi zinapopoteza watu bila kujua. Kwenye kambi ya shule, kati ya waliojitokeza daima wapo watakaorudishwa: uzito mdogo, presha, wingi wa damu, dawa za juzi za malaria. Sababu karibu zote ni ndogo na za muda. Lakini msichana akitoka kwenye hema bila pamba mkononi, darasa zima huamua lenyewe kwamba "amekutwa nao". Kwa mkoa wenye takwimu kama za Njombe, uvumi huo ni adhabu. Mwaka unaofuata hatajitokeza, na rafiki zake wanne hawatajitokeza, maana wameona gharama ya kujitokeza.

Dawa yake ni ya kupanga viti tu. Aliyekataliwa na aliyetoa watoke kwa mlango mmoja, wote wapite kwenye meza ya soda, wote wapewe kadi, na kwa aliyekataliwa iandikwe tarehe ya kurudi pamoja na sababu kwa maneno ya kawaida: "Uzito, rudi ukifika kilo 50." Kabla ya yote mratibu asimame mstarini aseme kwa sauti kwamba si kila mtu atatolewa damu leo, na kwamba majibu ya VVU hayapatikani hapa hemani, yanatoka maabara baadaye. Sentensi hiyo moja humaliza nusu ya uvumi, kwa sababu inaonyesha kwamba aliyerudishwa kwenye mizani hawezi kuwa "amekutwa" na chochote.

Kitandani

Mfuko wa kawaida hupokea mililita 450, na ndani yake tayari kuna mililita 63 za maji ya kuzuia damu isigande na kuilisha. Vipimo hivyo viwili vinakwenda pamoja. Damu ikiwa pungufu mno, chini ya 405 hivi, dawa inakuwa nyingi mno kwa damu hiyo na mfuko hautumiki kama kawaida. Ikizidi, mabonge. Ndiyo sababu mfuko hulala juu ya mizani na kutikiswa, kwa mashine au kwa mkono, muda wote. Ukiona mfuko umelala chini kimya huku mhudumu akichati, damu yako iko hatarini kumwagwa.

Mchomo mmoja mzuri huchukua dakika tano hadi kumi za kutiririka. Sindano ni nene, geji 16, kwa sababu sindano nyembamba huvunja chembe na kuchelewesha mtiririko. Inauma kama sekunde mbili. Mhudumu stadi hutafuta mshipa kwa kidole, si kwa macho, husafisha ngozi kwa mzunguko kutoka katikati kwenda nje na kuacha ikauke sekunde 30, kisha hagusi tena. Akigusa tena ili kuhakikisha mshipa, arudie kusafisha. Bakteria wa ngozi wanaweza kuingia kwenye mfuko pamoja na damu, na wagonjwa wanaoipokea mara nyingi ni dhaifu kupambana nao.

Siku ya Wachangia Damu Duniani ni tarehe 14 Juni, siku aliyozaliwa Karl Landsteiner mwaka 1868, mgunduzi wa makundi ya damu. Kwa Mbeya, Makete na Njombe tarehe hiyo inaangukia kwenye baridi kali. Asubuhi za Juni mishipa hujikunja, mikono ni ya barafu, na watu hawajanywa maji tangu jana kwa sababu hakuna joto la kuwakumbusha. Matokeo yake ni michomo inayokosa, mtiririko wa kudondoka, mifuko isiyojaa. Hayo si makosa ya mchangiaji wala ya sindano. Kambi ya Juni ianze saa nne, siyo saa mbili. Kila mtu anywe nusu lita ya maji, ya uvuguvugu kama anapenda, robo saa hadi nusu saa kabla ya kupanda kitanda cha kuchangia. Mkono ufunikwe kwa kitenge au kuwekwa kwenye beseni la maji ya moto kiasi. Timu zinazofanya hivi huonekana mara moja kwa kasi ya vitanda vyao.

Kizunguzungu kina dalili za kuaminika: miayo, jasho la baridi, midomo kupauka, kunyamaza ghafla kwa mtu aliyekuwa anaongea. Mhudumu anayeongea na mchangiaji muda wote anazikamata zote nne. Anayejihisi hivyo avuke miguu, akaze mapaja na makalio kwa sekunde tano, alegeze, arudie, na miguu iinuliwe juu ya kichwa. Baada ya sindano kutoka, mkono unyooshwe na pamba ibanwe kwa vidole dakika tano. Tabia ya kukunja kiwiko na kubana pamba ndani yake ndiyo inayoleta lile doa la zambarau linaloogopesha familia nzima nyumbani. Kisha mapumziko ya dakika 10 hadi 15 ukiwa umekaa. Wanaozimia wengi huzimia baada ya kusimama haraka na kukimbilia bajaji.

Soda, fulana na chai

Soda na biskuti watu huziita zawadi. Si zawadi. Mchangiaji wa kilo 60 ana lita nne hivi za damu, na sehemu moja ya tisa imeondoka. Maji na sukari ni sehemu ya tiba, na kambi iliyoishiwa soda saa nane mchana inapaswa kusimamisha vitanda mpaka nyingine ije.

Fulana ni habari nyingine. Inavuta watu, hakuna ubishi, hasa vyuoni. Ila inawavuta waje mara moja, na ikikosekana safari ya pili wanaona wamedhulumiwa. Fulana inayofanya kazi vizuri zaidi ni ile inayotolewa kwenye uchangiaji wa tatu. Inakuwa alama ya kazi iliyofanyika, na anayeivaa anaulizwa ameipataje. Fedha taslimu haifai kabisa. Tangu 1975 Mkutano wa Afya Duniani ulitaka nchi zijenge huduma juu ya wachangiaji wa hiari wasiolipwa, na sababu ni ya kiutendaji: mtu anayehitaji hela ana sababu ya kuficha ukweli kwenye ile meza ya maswali.

Baada ya kambi, ushauri wa chakula huku unapaswa kutaja chai. Rungwe, Mufindi na Njombe ni nchi ya chai, na watu hunywa na mlo. Mchangiaji mmoja hupoteza miligramu 200 hadi 250 za madini ya chuma, wakati mwili hufyonza moja au mbili tu kwa siku. Chai ikinywewa pamoja na maharage na mchicha hupunguza sana ufyonzaji huo. Isogezwe saa moja au mbili mbali na mlo, na pembeni ya maharage liwekwe chungwa, limao au pilipili hoho mbichi, vinavyousaidia. Maini, nyama na dagaa ndivyo vinavyofyonzwa kwa urahisi zaidi. Ulanzi na komoni, pombe zetu za kienyeji, visubiri kesho. Na dereva wa bodaboda au mbeba mizigo wa soko la Mwanjelwa asichangie asubuhi halafu arudi kazini mchana. Aje jioni baada ya kufunga kazi.

Majibu na mawasiliano

Kama kuna sehemu moja ya kumuuliza mratibu kabla ya kukubali kuchomwa, ni hii: majibu yatanifikia vipi, lini, na atakayeniletea ni nani? Mchangiaji ana haki ya kujua kundi lake la damu na hali ya vipimo vyake, kwa siri, na kwa ushauri nasaha kama kuna tatizo. Kituo cha kanda kina nafasi nzuri kwa hili kwa sababu hakihami. Kambi ya shule ni ngumu zaidi. Wanafunzi wa kidato cha sita humaliza Mei na kutawanyika, na namba ya simu waliyoandika ni ya mzazi au ya mwalimu. Kambi iliyopangwa vizuri hutaja tarehe ya kurudi na majibu siku ileile ya kuchangia, na huandika njia ya pili ya kumpata mtu.

Kukaa kimya baada ya kuchukua damu ndiyo kasoro inayoua moyo wa kutoa kuliko zote. Mtu amelala kitandani, ametoa, ameondoka, na hasikii kitu tena mpaka miaka miwili baadaye anapoombwa upya. Ujumbe mfupi wa simu unatosha. Nchini Sweden mchangiaji hupata ujumbe damu yake inapotumika. Hata bila mfumo wa aina hiyo, ujumbe mmoja baada ya miezi mitatu kwa mwanaume na minne kwa mwanamke, ukimtaja kwa jina na kumwambia timu itakuwa wapi, ni bei ndogo kuliko kutafuta mtu mpya, kumpima na kumkataa. Na damu ya anayerudi ni salama zaidi, kwa kuwa imeshapimwa mara kadhaa na mwenyewe anayajua maswali.

Mlango wa hospitali

Huu tunaupa alama ya chini kabisa, ingawa wahudumu wake mara nyingi ni mahodari. Kosa liko kwenye mazingira yenyewe. Ndugu anaitwa akiwa amechoka, hajala, ana hofu, na mbele yake kuna shangazi, wakwe na mjomba wanaosubiri aseme ndiyo. Kwa hali hiyo ni nani atakayekiri kwenye meza ya maswali kwamba hafai? Wengine huishia kumtafuta kijana wa nje, wakampa elfu kadhaa aseme ni mpwa. Hapo hiari imekufa na usalama umepungua.

Jambo moja likielezwa vizuri lingepunguza mvutano huu. Damu ya ndugu kwa kawaida haiendi moja kwa moja kwa mgonjwa wake. Inapaswa kupimwa kwanza, na kundi linaweza lisilingane. Mgonjwa huongezewa iliyopo kwenye jokofu, na ya ndugu hujaza pengo. Familia zisipoambiwa hivyo hudhani damu yao "imeuzwa" kwa mwingine. Damu haiuzwi. Gharama zipo, za mifuko, vitendanishi, mafuta ya gari na umeme wa majokofu, lakini mgonjwa hapaswi kudaiwa bei ya chupa. Mtu akiombwa hela kwa ajili ya damu aombe risiti na aende kwa mganga mkuu au dawati la malalamiko la hospitali hiyo. Tetesi za damu kuuzwa zinafanana sana na hadithi za zamani za mumiani, na zinaota haraka pale ambapo hakuna aliyejisumbua kueleza. Kuieleza familia njia ya damu kutoka mkononi hadi wodini huchukua dakika nne.

Upi uchague

Kwa mara ya kwanza, nenda kituo cha kanda kama uko Mbeya mjini au karibu. Foleni ni fupi, meza ya maswali ina faragha, majibu unayafuata mahali palepale. Weka saa nzima, ingawa mara nyingi ni dakika 45. Kwa walio Iringa, Njombe, Tukuyu au Vwawa, timu inayotembea ndiyo njia halisi, na ubora wake unategemea sana mwenyeji. Mwalimu, mchungaji, imamu au mwenyekiti wa mtaa anayeiomba timu ana kazi ya kufanya kabla haijafika: uji au chakula asubuhi hiyo, maji ya kutosha, chumba chenye kivuli na mlango wa pili, meza ya faragha, na orodha ya watu waliokwisha elezwa vigezo ili asiye na kilo 50 asipange foleni bure.

Mwenyeji achague pia tarehe ambazo wengine wanazikwepa. Shule zikifungwa Juni na Desemba, chanzo kikubwa cha damu hukauka wakati uleule ambao mabasi yamejaa barabarani. Mfungo wa Ramadhani hupunguza wachangiaji wa mchana, kwa hiyo kambi baada ya futari ina maana. Vijijini, Novemba hadi Januari watu wako shambani wakipanda na hawatakubali kupoteza nguvu za siku moja. Hapo makundi ya mjini ndiyo yanayoweza kubeba mzigo: kwaya, wafanyabiashara wa Kabwe na Soko Matola, madereva wa malori walioegesha Tunduma, watumishi wa ofisi. Kikundi cha watu 40 kikijigawa mara nne, kumi wakichangia kila mwezi na kila mtu akirudi baada ya miezi minne, kinasaidia benki ya damu kuliko watu 200 waliokuja siku moja ya Juni, kwa sababu ya zile siku 35 za jokofu.